Ukuta wa Majivu

Siku Chepkemboi alipopigiwa makofi kule Mau Narok, alirudi mjini, nyumbani kwake mtaa wa Section 58, akiwa hashikiki. Aliteleka chai akaisahau jikoni, akampigia dadake simu kumweleza vile kina mama thelathini wa kikundi cha wakulima wa viazi walivyosimama katika ukumbi wa kanisa na kuupigia mchoro wake makofi. Mchoro, jamani! Watu wazima, tena walioacha ng'ombe na shamba kuja kumsikiliza.

Na mchoro wenyewe ulikuwa mzuri, tusimwonee. Ilikuwa stoo ya viazi yenye kuta za matofali ya udongo, yale yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, kwa hivyo hakuna mti ambao ungekatwa kwa ajili ya kuni. Maji ya mvua yangetoka paani hadi kwenye tangi lililochimbiwa chini. Umeme usingehitajika hata kidogo, kwa sababu paa lingekuwa na madirisha kumi na mawili ya kioo, na jua lingeingia ndani kutwa nzima. Hayo madirisha ndiyo Chepkemboi aliyapenda kuliko yote. Aliyachora mara nne. Alikuwa na miaka ishirini na saba na hilo ndilo lililokuwa jengo lake la kwanza. Kabla ya hapo, bosi wake Micah, mwenye ofisi ya uchoraji wa majengo, alikuwa akimpa kuchora ngazi na vyoo vya majengo ya watu wengine.

Alipomaliza kueleza siku hiyo, aliuliza, "Mna maswali?"

Kimya.

"Hakuna swali hata moja?"

"Hakuna, injinia," akajibu mwenyekiti wao, Wachuka, mama wa makamo mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya pili ya bonde. "Iko sawa kabisa. Tumeshukuru sana. Mungu akubariki." Mkate ulioletwa na ofisi ukakatwa, chai ikanywewa, kikao kikafungwa kwa sala, makofi yakapigwa.

Sasa mtu aliyezaliwa kule angeshtuka papo hapo. Watu wa Mau Narok wakilipenda jambo hulibishania. Watakuuliza hili, watakurudisha pale, watagombana wao kwa wao hadi usahau ulikuja kusema nini. Lakini ukisikia "iko sawa" mara moja, kabla hata chai haijapoa, jua mambo yako yameharibika. Mgeni akija na kitu kilichokwisha kukamilika, na juu yake ameleta mkate, hapingwi siku hiyo. Ni adabu tu. Chepkemboi, ambaye viazi alivijua vikiwa chipsi, alisikia adabu akadhani ni furaha.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Wanachama wangechimba msingi kwa mikono yao kuanzia Jumatatu, na Alhamisi wafadhili wangekuja kuona. Wakikosa kuwakuta wenyeji kazini, stoo ingehamishwa hadi wadi nyingine. Na kila mtu alijua maana ya kuikosa stoo. Viazi vya kule hukomaa vyote wakati mmoja, mabroka wanafika na malori na kutaja bei wanayotaka wao, na mkulima anakubali kwa sababu hana pa kuviweka.

Jumatatu ikafika. Saa mbili asubuhi Chepkemboi alikuwa kwenye uwanja wa stoo na buti mpya. Alimkuta Kiprugut, fundi wa mawe, ameketi juu ya toroli lake akila mahindi ya kuchoma. Hakuna mtu mwingine. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne akaanza kupiga simu.

Wa kwanza, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Wa pili alikuwa matangani. Wa tatu naye ng'ombe wake alikuwa anazaa. Alipofika mtu wa saba, Chepkemboi alikuwa amehesabu ndama wanne.

"Leo ng'ombe wamezaa sana," Kiprugut akasema bila kucheka.

"Fundi, hawa watu wana shida gani? Walinipigia makofi!"

"Madam, uliwauliza ukumbini. Kule ukumbini heshima ni nyingi sana." Kiprugut akatupa gunzi la mahindi. "Enda jikoni kwa Wachuka."

"Kufanya nini jikoni?"

"Kumenya waru. Kwani huku tunafanyanga nini kingine?"

Alienda kwa hasira, buti zikinata matope, akipanga maneno makali ya kumwambia Wachuka. Hayo maneno hayakupata nafasi. Wachuka alikuwa jikoni, mzima, hana matanga wala ndama, na alipomwona mgeni mlangoni hakuomba msamaha. Alisukuma kigoda kwa mguu, akamnyooshea kisu.

"Shika. Mikono miwili inatosha kumenya, mdomo utaongea baadaye."

Wakamenya. Beseni lilikuwa limejaa viazi vya kuponda, na Chepkemboi alikuwa anakata maganda mazito, nusu ya chakula ikienda kwa mbuzi. Wachuka alimtazama kwa huruma. Kisha Chepkemboi akashika kiazi kimoja kilichokuwa kijani upande mmoja. Akamenya zaidi. Kijani kikaingia ndani.

"Hiki kimefanya nini?"

"Hicho tupa. Kichungu, na tumbo lako litalia hadi kesho. Kilianguka hapo chini ya dirisha nikakisahau wiki mbili."

Chepkemboi akalitazama hilo dirisha. Lilikuwa dogo, ukubwa wa daftari la shule, na mwanga wake ulifika hadi kwenye beseni tu. Akakitazama kiazi. Akarudi kutazama dirisha. Halafu akayakumbuka yale kumi na mawili ya kioo, juu ya magunia mia nne, kutwa nzima, miezi mitatu. Aibu ilimpanda mwili mzima. Kisu kikamwanguka.

"Mama," akasema taratibu, "mlijua?"

"Nini?"

"Kwamba madirisha yangu yangeharibu viazi vyote."

"Ai! Hata mtoto wa nasari hapa anajua waru haionyeshwi jua. Tulienda nyumbani tukijiuliza kama hiyo ni stoo ama ni nyumba ya kukuza maua."

"Na mbona hamkuniambia? Si niliwauliza!"

Wachuka akaweka kiazi chini. "Msichana wangu, wewe uliuliza kama tuko na maswali. Maswali hatukuwa nayo. Tulikuwa na majibu."

Chepkemboi alitaka kulia, akajikuta anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi kidogo. Wachuka naye akacheka, akamgonga goti kwa mkono wenye wanga. Hasira yote iliyopanda kilima ilikwishia hapo.

Alitoka nje kumpigia Micah. Akamweleza kiazi, dirisha, kijani, kila kitu. Micah alisikiliza, hilo tumpe, kisha akasema mchoro umeshapigwa mhuri.

"Watafunika na magunia. Ama waweke mapazia."

"Mapazia paani, bosi?"

"Chepkemboi, sikiza. Alhamisi nataka shimo na watu ndani ya shimo. Ukigusa huo mchoro, Ijumaa unarudi kwa ngazi zako."

Simu ikakatika. Alisimama pale kwenye upepo wa Mau, baridi ikimwingia shingoni, na aliogopa, tena aliogopa sana. Jengo lake la kwanza lilikuwa linaponyoka. Lakini angefanyaje? Awajengee kina mama nyumba ya kuharibu jasho lao, kisha aandike jina lake ukutani? Akarudi jikoni.

"Mama, uko na majivu kiasi gani?"

Huko mafundi wakikosa chokaa huchora msingi kwa majivu, na Jumanne kila mwanachama alikuja na ndoo yake. Walikuja wote thelathini. Wale ndama hawakutajwa tena. Kiprugut akavuta kamba, Chepkemboi akamwaga majivu, na kufikia saa nne stoo nzima ilikuwa imelala juu ya nyasi, kwa ukubwa wake kamili, kuta, milango na yote. Madirisha aliyaonyesha kwa mawe kumi na mawili.

"Mimi ya waru sijui," akawaambia, na safari hii hakuleta mkate. "Ingizeni magunia vile mtaingiza siku ya mavuno. Mahali mtakwama, mniambie."

Walikwama mlangoni. Cherop, aliyekuwa mdogo kuliko wote kikundini, aliingia na mkokoteni wake wa punda, na punda akashindwa kugeuka, akasimama juu ya ukuta akijisaidia.

"Cherop! Umevunja nyumba!" Wachuka akapiga kelele, na kuanzia hapo ikawa sheria. Hakuna kuvuka majivu. Mtu akitaka kuingia, aingie kwa mlango, hata kama ni kuchukua jembe lililo hatua moja mbele yake. Bibi mmoja wa miaka sabini alizunguka stoo nzima kwenda kuchukua kitambaa chake, na alipofika mlangoni akapangusa miguu.

Basi mabishano yakaanza, na Chepkemboi akajua sasa mambo ni mazuri. Mlango ulipanuliwa, ukahamishwa upande ambao mvua haipigi. Wakataka vyumba viwili, kwa sababu mbegu hazilali pamoja na viazi vya kuuza. Yeye naye akawaonyesha vile baridi ingeingia kupitia matundu ya chini yenye vifuniko vya mbao, joto likatokea juu bila mwanga kuingia, na hapo wao wakaguna kwa kukubali. Kuta za udongo zikabaki. Tangi likabaki. Mawe kumi na mawili aliyaokota mwenyewe, moja moja, akayatupa kando ya ua. La mwisho alikaa nalo mkononi kidogo. Kuliacha kuliuma, kusema kweli.

Jumatano walichimba mtaro wa upande mmoja, wakiimba.

Alhamisi magari mawili yakapanda kilima. Katika la kwanza alikuwa Hemed, mkubwa wa shirika la ufadhili, mtu mrefu mwenye maneno machache. Katika la pili alikuwa Micah na mchoro wenye mhuri chini ya kwapa. Hemed alipoona kina mama wanapanga foleni kuingia mahali pasipo na ukuta, akaisoma hali haraka. Akasimama kwenye pengo la majivu, akasema, "Hodi!"

"Karibu!" wakaitikia wote.

Micah alitazama mlango uliohama, akatazama mahali pa madirisha yaliyotoweka. "Hii ni nini?" akamnong'oneza Chepkemboi.

"Nitakueleza."

"Hutanieleza." Akajikohoza, akawageukia wanachama kwa tabasamu la ofisi. "Kina mama, mmeona wageni wetu. Mna maswali?"

Kimya. Kile kile cha ukumbini. Chepkemboi alikitambua.

"Iko sawa," mtu akasema kutoka nyuma. "Tumeshukuru."

Hemed akafunga daftari lake. "Watu wenyewe hawana la kusema?" akamuuliza Micah, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kuondoka.

Chepkemboi hakungoja. Akauvuta ule mchoro kutoka kwapani mwa bosi wake, akaukunjua mbele ya Wachuka. "Mama, choo cha nje hatukukiwekea majivu. Kimechorwa hapa, juu ya tangi, kwenye mteremko. Hapo kitakaa aje?"

Wachuka akainama. Akainuka.

"Juu? Juu ya maji ya kunywa?"

Loo! Midomo thelathini ikafunguka kwa pamoja. Cherop alimshika Hemed mkono wa koti akamvuta kumwonyesha mahali maji ya Aprili hupita. Bibi wa miaka sabini alinyakua karatasi na kuipindua juu chini. Wawili waligombana kuhusu choo kiwe karibu na barabara au mbali, mwingine akauliza lango nalo litakuwa wapi, na Kiprugut, ambaye hakuulizwa, alikuwa tayari anapima hatua kwenda upande wa chini.

Hemed alirudi na matope hadi kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza alikuwa anacheka. "Nilikuja kuangalia kama hii stoo ina wenyewe," akamwambia Micah. "Nimewaona. Inabaki hapa. Mhuri mtapiga tena."

Micah alisimama katikati ya stoo, mchoro umemrudia ukiwa na alama za vidole vya majivu. "Hicho choo," akamwambia Chepkemboi kwa sauti ya chini, "nilichora mimi."

"Najua, bosi."

Akaguna, akageuka kwenda kwenye gari, na kwa haraka yake akavuka mstari.

"Mlango!" wakapiga kelele wote thelathini, na Hemed pamoja nao.

Micah akaganda, mguu mmoja nje na mwingine ndani. Akatazama kiatu chake. Kisha akarudi nyuma, akazunguka taratibu hadi kwenye pengo, akatoka kwa mlango. Akiwa nje aligeuka, akamnyooshea Chepkemboi mchoro juu ya ukuta.

"Chora upya," akasema. "Lakini kwanza waulize."