Sengu ya Ijumaa

Hamphrey hakutaka tumwite bosi. "Mimi ni kaka yenu," alituambia siku ya kwanza, na sisi kwa ujinga wetu tukafurahi. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, kwenye maofisi ambako, kwa maneno yake, watu wamekaa meza moja lakini wanaandikiana barua pepe. Akarudi kwao Mbinga na kufungua ofisi yake ya kutengeneza programu za kompyuta, ghorofani juu ya duka la mabati karibu na stendi.

Tulikuwa watatu chini yake. Mimi Ottilia, mtoto wa Namswea. Vitalia kutoka Mbamba Bay. Na Dunstan, ambaye mke wake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mapacha. Kazi iliyotulisha ilikuwa moja, mfumo wa foleni ya malori ya makaa ya mawe. Dereva akifika mgodini Ngaka anapata namba kwenye simu, anangoja aitwe kwenye mizani, hagombani na mtu. Mteja alikuwa kampuni ya usafirishaji, na tulikuwa tunamwogopa kuliko mvua ya mawe.

Kila Ijumaa mchana Hamphrey alifunga mlango, tukala pamoja. Aliita sengu. Kwa sisi Wamatengo hilo si neno la mchezo. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa babu, na mambo ya ukoo yakasemwa hapo hapo, mikono ikiwa bado na ugali. Vitalia, ambaye ni Mnyasa na hana mchezo na mambo ya Wamatengo, aliuliza kama wanawake nao walikuwa wanakaa.

"Hapana, walikuwa wanapika," Hamphrey alisema. "Ila yetu ya kisasa. Nyie mtakaa."

Basi tukakaa, na kupika tukapika vile vile.

Sharti lilikuwa kila mmoja aseme nini kimeharibika wiki hiyo na yeye alihusika vipi. Hakuna kulaumiana, hakuna kuandika popote. "Neno la sengu linaishia kwenye sinia," alisema Hamphrey. Siwezi kudanganya, niliipenda sengu ile. Nilikuwa nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo mtu akikosea anapiga kimya na kuomba Mungu aonekane mwingine. Hapa nilipumua.

Siku moja mteja akataka malori yanayofika usiku yapewe nafasi za mbele. Hamphrey alipita kwenye meza yangu asubuhi, akapita tena, mchana akasimama kabisa nyuma ya kiti changu. "Dada, leo leo. Jamaa wananipigia kila saa." Nikamwambia programu mpya bado sijaijaribu. Akasema, "Tutajaribu ikiwa inatembea." Nikaiweka.

Kesho yake namba moja ikaenda kwa madereva wawili. Malori mawili yakakutana uso kwa uso kwenye mizani, hakuna aliyekubali kurudi nyuma, na foleni ikajipanga hadi barabarani. Kufikia mchana dereva mmoja alikuwa amepigwa spana begani. Mimi ndiye niliyeona kosa na mimi ndiye niliyelirekebisha, na hakuna mtu ambaye angeweza kuthibitisha lilikuwa la nani. Wote tuliingia kwenye mfumo kwa jina moja na neno la siri moja, kwa sababu Hamphrey hakuwahi kupata muda wa kutugawia. Ningeweza kufunika kombe.

Ijumaa ikafika, nikasema. Nilisema niliiweka bila kuijaribu, kosa ni langu. Sikusema nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Niliona haya kumtaja mtu ninayekula naye. Hamphrey akasogeza kipande kikubwa cha samaki upande wangu wa sinia. "Asante, dada. Hivi ndivyo timu inavyojengwa." Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Mteja hakutajwa humo.

Jumatatu Hamphrey aliniita chumbani kwake. Watu wa kampuni walikuwa wameshaondoka na vikombe vyao vya chai vilikuwa bado mezani.

"Walitaka jina," alisema. "Bila jina wanavunja mkataba, wote mnakosa kazi. Dunstan ana mapacha. Ningefanyaje, dada?"

"Ungetaja lako."

Akaangalia simu yake kama vile imeita. "Niliwaambia umekiri mwenyewe," akasema. "Hilo limewapoza kidogo. Ila hawataki kukuona tena kwenye kazi yao, na mimi kazi nyingine sina."

Niliumia, na naumia hadi leo. Angenifukuza kwa kosa langu, ningebeba virago nikaenda. Lakini alinifukuza kwa mdomo wangu.

Jina langu likafika Ngaka kabla sijafunga mizigo. Niliomba kazi Mbinga, nikaomba hadi Songea, na popote nilipokaa kwenye kiti cha mgeni waliniuliza kama mimi ndiye yule dada wa foleni. Nikarudi Namswea kuchimba ngolo na mama, mashimo yale yale ya kilimo cha mlimani niliyoyakimbia kwa kusoma. Mama alimweleza kila jirani kwamba niko likizo.

Siku moja Jumapili Vitalia alinitembelea na mfuko wa usipa, dagaa wa ziwani kwao. Akanihadithia kwamba sengu inaendelea. Wanakaa, wananawa, wanakula. Hamphrey anauliza nani ana neno, na wote wawili wanajibu, "Hatuna neno, kaka. Ugali mzuri."

"Na mfumo?" nikauliza.

Vitalia akacheka, kicheko kibaya. Dunstan, katika kusafisha safisha, alikuwa amezima kipande cha programu kinachofuta orodha ya jana kila alfajiri. Sasa malori yaliyokwishapakia na kuondoka yanaitwa kwenye mizani, na yaliyopo yanachomwa jua. Dunstan alishtuka, lakini kabla hajakirudisha Hamphrey akagawa maneno ya siri, kila mtu na lake, kila anachogusa kinaandikwa. Atakayetengeneza haraka ataonekana alijua pameharibika wapi. Kwa hiyo wote wawili wanatafuta kwa bidii mahali pasipo na kitu.

"Amenililia," Vitalia alisema. "Mwanaume mzima. Anasema, unakumbuka walivyomfanya Ottilia?"

Wiki ile ile pikipiki ikapanda kilima chetu, Hamphrey nyuma ya dereva, vumbi hadi kwenye kope. Mama alipojua ni nani, alisahau hata kungoja salamu. Hamphrey akasema shikamoo, mama akaitikia marahaba huku tayari anamkimbiza kuku. "Nilijua atakuja kukuchukua!" aliniambia jikoni kwa kunong'ona. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda ule mfupi nilijua hivyo hivyo. Nilienda kunawa miguu.

Tulikaa ndani, ugali katikati yetu na mboga ya kutangulizia. Alikula kidogo, halafu akasema yaliyomleta. Siku tatu malori hayaendi. Timu imekaa kimya kama imemwagiwa maji. "Wewe ndiye uliyeujenga ule mfumo. Nisaidie."

Niliwafikiria madereva waliolala chini ya malori yao, nikamwambia. Kuna kipande kinachofuta orodha alfajiri, kimezimwa, akiwashe. Nikamwelekeza kilipo. Aliandika kwenye simu yake na uso ukamlegea. Nilidhani atasimama, kwa sababu alichokifuata amekipata.

Hakusimama.

"Na nani alikizima?"

"Ukiwasha malori yatatembea. Jina la nini?"

"Mteja anataka jina." Akasogeza sinia kidogo upande wangu. "Niambie tu, dada. Hapa tuko mezani. Hakuna kulaumiana."

Nilimtazama mtu yule. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaamini.

"Wape langu, bosi," nikasema. "Wameshalizoea."

Nilitaka aone haya. Hamphrey akafikiri, akapangusa vidole, akatazama juu kwenye paa akihesabu jambo. "Kweli," akasema taratibu. "Uliondoka kwa hasira. Wataelewa." Akainamia simu yake akaandika.

Mama akaingia na bakuli la kuku, akaliweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili, na kumuuliza nianze kazi lini.