Unga wa Wifi Prudence

Wifi yangu Prudence anaweza kukuuzia moshi, nawe ukamshukuru kwa kukufungia vizuri. Nasema mapema ili mtu asinione mjinga kuliko nilivyo. Alipokuja mtaani kwetu Nyasho na kopo lake la unga hakuja kama muuzaji. Alikuja kama dada wa mume wangu, na mkungu wa ndizi, akakaa nami jikoni akanisaidia kuparua samaki. Ndipo akamtazama binti yangu Helena, akaguna.

Helena alikuwa darasa la tatu. Alianza kwa kupepesa macho. Baadaye bega la kulia likawa linaruka lenyewe, na mwishowe koo likaanza kutoa kisauti, "hm!", kama mtu anayetaka kukohoa akaishia njiani. Hakuwa anapenda. Ukimwambia aache, ndiyo kwanza yanazidi. Mwalimu wake alimtoa nje akidhani anamdhihaki, na wenzake wakambatiza jina, wakawa wanamwita Hm hata akiwa amenyamaza.

"Wifi," Prudence aliniuliza kwa sauti ya chini, "mimba ya huyu si ndiyo ile ulikuwaga unakula udongo?"

Ndiyo hiyo. Nilikula udongo wa sokoni mpaka ulimi ukawa mweupe, na nilipoukosa nilibandua ukuta wa jiko. Wanawake wangapi wanakula udongo na watoto wao wako salama? Lakini nani anakumbuka kuuliza hivyo, akishaulizwa yeye kwa sauti ya chini?

"Udongo unanyonyaga madini kwenye damu," alisema. "Mtoto amezaliwa na upungufu, sasa misuli inadai. Huu unga una magnesiamu, una zinki, una kila kitu. Kwenye kundi letu la akina mama wa Bunda watoto wamepona."

Nilimtazama mume wangu, Enos, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu aende kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Enos ni mpole, hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Alisema, "Jaribu, mama Helena. Unga hauna madhara," kisha akaendelea na kamba za viatu.

Sikukubali hivi hivi. Niling'ang'ana twende hospitali kwanza, tukaenda wote watatu. Daktari alikuwa dada mwenye subira. Alipiga soga na Helena, akamchorea kuku, huku akiliangalia lile bega. Akatuambia hali hii inajulikana, si kifafa wala si mapepo, na mara nyingi hupungua mtoto akikua. Kuhusu unga alisema hajaona uthibitisho kwamba unasaidia, na kwamba kabla ya kumpa mtoto chochote tumpelekee kopo alisome. Halafu akauliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuwa hivi.

"Hakuna," Enos alijibu, hata daktari hajamaliza. "Kwetu hakuna. Labda upande wa mama yake."

Basi nikaanza kuwachambua ndugu zangu wa Bugwema, walio hai na waliokufa, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nilimpigia mama yangu simu, akaniuliza kama nina homa. Kwetu hakukuwa na mtu wa namna hiyo. Kama si kwao na si kwetu, basi ulikuwa udongo. Nilikuwa mimi.

Kopo sikulipeleka kwa daktari, kwa sababu mtu mwenye hatia hataki kuambiwa kwamba dawa yake ya toba si dawa. Nilimkorogea Helena unga ule kwenye uji kila asubuhi. Ulinuka kutu. Akina mama wa lile kundi walisema sukari inaharibu kazi, nikamwondolea sukari, nikamwondolea maandazi na soda ya Jumapili. Mtoto alikuwa akiziba pua anameza, machozi yanamlenga. Siku moja, Enos akiwa pale mlangoni anavaa viatu, nilipiga magoti nikamwomba mtoto msamaha kwa ule udongo. Akanifuta uso kwa kiganja chake, akasema, "Haina shida, mama."

Na kweli, akaacha. Bega lilitulia, koo likanyamaza. Nilicheza uani mpaka jirani akachungulia. Prudence alipopata habari alipiga vigelegele kwenye simu, akasema lazima twende Bunda, kuna mkutano mkubwa wa wateja, Helena asimame mbele na mimi nitoe ushuhuda. Nilimshonea mtoto gauni la njano. Furaha niliyokuwa nayo, ningetoa ushuhuda hata juu ya paa.

Tulifika Bunda siku ya mkutano, mimi, Enos na Helena, tukapitia kwanza kwa Mama mdogo Rhobi, mdogo wake marehemu mama mkwe wangu. Prudence alikuwa ameshatangulia. Njia nzima Helena alikuwa amekaza shingo na taya, nikadhani ni kichefuchefu cha gari. Ugali ulipotengwa alisimama akaomba kwenda chooni. Mama mdogo akamshika mkono. "Kula kwanza, mjukuu wangu, choo hakihami."

Helena akakaa. Bega likaruka. Likaruka tena na tena, macho yakapepesa, koo likalia hm, hm, hm, pasipo nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka kikombe cha maji kikamwagika. Nilikiwahi kile kikombe. Yule mama mzee yeye akapiga makofi, akacheka mpaka machozi.

"Ghati! Jamani, dada yangu huyu hapa! Si nilisema huyu mtoto aitwe Ghati, mkanikatalia? Marehemu alikuwaga hivi hivi, hata kanisani koo linamsumbua. Na wewe Enos, si ulikuwaga unarusha bega mpaka unamwaga maziwa? Mpaka ulipoota ndevu ndiyo ikaisha!"

Aliyasema kwa furaha tupu ya mtu aliyemwona ndugu yake. Hakuna mwingine aliyecheka. Prudence alikuwa akiviringisha tonge lililokwisha kuviringika.

"Baba Helena," nilisema.

"Tutaongea nyumbani," alijibu Enos.

Nilimgeukia mtoto. "Mama, si ulikuwa umeacha?"

"Sijaachaga," alisema Helena. "Nabana. Halafu naenda kumalizia chooni."

"Nani alikufundisha kubana?"

Alitazama sinia. "Baba. Na yeye alikuwaga anabana akiwa mdogo. Alisema nisikwambie, utaumia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huu maisha yangu yote nikiwasimanga wenzangu. Wote waliozunguka ile sinia walijua, hata mtoto niliyemzaa mwenyewe alijua. Mgeni nilikuwa mimi. Nilisalitiwa na mtu ninayemfulia mashati, na nilisikia uchungu wake mpaka kwenye meno.

"Niliogopa," Enos alisema, macho chini. "Wazee wenu walipokuja kuuliza ukoo wetu una ugonjwa gani, kabla hawajakuoza kwangu, baba aliwaambia hakuna. Ningeanzaje kusema baadaye? Wangesema ni kifafa. Ungenikataa."

"Ningekukataa kwa sababu ya bega?"

Alianza kukusanya kwa kiganja maji yaliyomwagika.

"Ukaniona nimepiga magoti mbele ya mtoto," nilisema, "nikiomba msamaha kwa dhambi isiyo yangu. Ukavaa viatu ukaenda kazini."

Mama mdogo Rhobi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, hajui alichokosea, maskini. Prudence akachungulia simu yake. "Wifi, watu wameshakaa ukumbini. Twende tumalize ushuhuda, mtakuja kugombana vizuri baadaye."

"Nenda kashuhudie bega la kaka yako," nilimwambia. "Na mama yenu. Anza na mama yenu."

Akachukua mkoba wake akaondoka, bila kunawa.

Nilimvuta Helena, nikamsimamisha katikati ya magoti yangu. Gauni la njano lilikuwa limelowa maji. Shingo yake ilikuwa imekaza tena na bega limeinuka kidogo, na jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Usibane tena, mwanangu," nilimwambia. "Hujakosa kitu. Acha litoke, popote, mbele ya mtu yeyote. Umenisikia?"

Bega likiwa bado juu, aligeuza shingo akamtazama baba yake kwanza, kuona kama anaruhusiwa.