Gigabaiti Nne za Injinia

"Baba yangu umemtupa wapi?"

Mshonaji alisimama mlangoni kwa jirani yake, futi ya kupimia shingoni, na wapangaji wote tukajikuta tuna shughuli uani. Hata asiye na nguo chafu alifua.

"Video yako nzima, dada. Programu imesema nzima," alijibu Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe.

"Nzima? Bibi harusi anaingia ukumbini, kioo cheusi! Hotuba ya baba ilikuwa mwishoni."

Baba huyo tulimzika mwezi uliopita; sauti yake haikuwa kwingine. Na saa sita mpiga video angekuja kuchukua kadi yake ya kamera yenye video hiyo, aifute, akarekodi harusi za wengine.

Programu za kunakili mafaili zimejaa tele, lakini Injinia hali cha kupikiwa. Aliandika yake, kwa lugha ya C, akaijaribu kwa picha za pasipoti.

Mkewe, fundi wa simu, akainamia kompyuta. "Ukubwa wa faili umeuweka kwenye int?"

Injinia akakohoa.

"Int ni kisanduku kidogo cha namba, mwisho wake bilioni mbili na kidogo, mume wangu. Hili lina baiti zaidi ya bilioni tano. Namba haikuenea, ikakatwa, ikabaki bilioni moja. Ukanakili hiyo, ukashangilia."

"Lakini nilihakiki! Nililinganisha ukubwa wa faili zote mbili!"

"Kwa int ileile. Umemuuliza mwizi kama kumeibwa."

"Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haikukuonya?" aliuliza mpangaji wa chumba cha pili, anayejua kidogo.

"Ilionya. Nikazima maonyo. Yalikuwa na kelele."

"Mimi," alisema mshonaji, "mtu wa kilo mia simkatii suruali kwa kipimo cha mtoto."

Tulicheka hadi ndoo zikapinduka. Fundi wa simu hakucheka. Alibadilisha kila int ya ukubwa kuwa int64_t, kisanduku kikubwa zaidi, kwenye kunakili na kwenye kuhakiki, akayarudisha maonyo, akaanza kunakili kadi upya. Mpiga video alipobisha geti, tulimzuia kwa umbea mtamu. Akasahau hata kuangalia saa.

Kisha mzee akasikika kwenye spika, anawakemea wakwe kwa kuchelewa. Mshonaji alilia huku anacheka.

"Shoga yangu, njoo kwangu ule," akamwambia fundi wa simu, akijifuta kwa kanga. "Mpiga video, nawe. Na wewe Injinia, usisimame hapo kama nguzo. Nawa mikono, uingie."