Nusu Saa ya Pili

Ijulikane kwa wote, walio hai na watakaozaliwa, kwamba Ijumaa ile mtu mmoja alitoka nyumbani kwake kwenda kuipasua dunia kwa chuma. Alitoka kweli. Hatua kumi baadaye akarudi, kwa sababu shujaa alikuwa amesahau betri za redio juu ya bati, alikozianika tangu juzi zipate nguvu.

"Betri umezikumbuka," mkewe akasema mlangoni. "Dawa je?"

"Dawa siwezi kuisahau, mama watoto."

Mtoto wao wa pili alikuwa amemeza kidonge cha mwisho cha kifafa asubuhi ileile. Akikikosa siku moja, huanguka popote alipo. Mwezi uliopita aliangukia jiko, na mkono wake mpaka leo unang'aa kama umepakwa mafuta. Ndiyo maana mama yake hathubutu kumwacha hata kwa kwenda kuteka maji. Mgawa dawa wa zahanati alikuwa ameagiza: vidonge vinafika leo, saa kumi na moja nafunga, sifungui tena mpaka Jumatatu.

Shambani walimwita Taarifa. Aliendesha trekta, na redio yake aliifunga juu ya madigadi ya tairi la nyuma kwa mpira wa baiskeli, spika ikimtazama sikioni.

Redio ile haikuwa anasa. Langoni askari alikusanya simu na saa za mkononi za wafanyakazi wote, eti zinaondoa umakini. Tangazo lililobandikwa ukutani halikutaja redio. Aliyeliandika alidhani redio ni ya muziki tu. Muda wa shamba ulikaa kwenye saa ya ukutani ofisini, na Msimamizi mwenyewe aliupiga kwa nyundo juu ya kipande cha reli kilichoning'inia kwenye nguzo uani. Kengele ya kutoka ilikuwa ya saa kumi. Redio ya Taarifa, kila siku ya Mungu, ilishuhudia kwamba saa kumi ya ofisini ni saa kumi na nusu ya dunia nzima.

Wote walijua. Walisema nusu saa haiui mtu, wakaendelea kuinama.

Asubuhi hiyo Taarifa alivua kofia mbele ya Msimamizi. "Mzee, naomba leo nitoke saa kumi."

"Kila mtu anatoka saa kumi."

"Saa kumi ya redioni, mzee. Mtoto anaumwa."

Msimamizi alimtazama kama mtu anayetazama tairi lenye pancha. "Kengele ikilia uko huru. Kabla ya kengele, wewe na hilo trekta ni kitu kimoja, na kitu chenyewe ni changu."

Taarifa akapiga hesabu kimoyomoyo. Kengele ingelia saa kumi na nusu ya kweli. Mpaka zahanati ni dakika ishirini na tano, ukikimbia bila kumsalimia mtu. Zingebaki tano. Akavaa kofia.

Mchana kutwa alichinja ardhi. Visahani vya jembe vilizama na kuinuka vikiwa na mizizi iliyochanwa, viota vya panya, na mara moja nyoka katika vipande vitatu, kila kipande kikijikunja peke yake kana kwamba hakijapata habari. Nyuma yake Mama Mbegu na wanawake wenzake walifuata mfereji wakidondosha punje. Redio ikataja mji uliopigwa mabomu, ikataja idadi ya waliokufa, ikatangaza sabuni.

Redio ikapiga milio ya saa kumi. Hakuna aliyeinua kichwa; hiyo ilikuwa saa kumi ya wengine.

Kikaanza kipindi cha salamu, kinachoanza saa kumi na nusu. Taarifa akageuka kutazama uani. Kimya. Akapunguza mafuta ili asikie vizuri. Kimya kilekile. Mtangazaji akasoma kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Akazima injini.

"Taarifa, umeishiwa dizeli?" Mama Mbegu akauliza.

"Nimeishiwa muda, dada. Kengele imepita na haijalia."

"Labda nyundo imevunjika."

"Au mkono. Tuombe iwe mkono."

Wanawake wakacheka, kisha wakaacha, kwa kuwa pikipiki ya Msimamizi ilikuwa inakuja ikirusha mabonge ya udongo. Hakuisimamisha, aliiacha ianguke.

"Nani amezima mashine yangu?"

"Ni saa kumi na nusu, mzee. Sikiliza mwenyewe."

"Nani kakupa saa?"

Redio ndiyo iliyojibu, ikiwasalimu wote wanaoifahamu sauti yake. Msimamizi akatoa spana kubwa kwenye sanduku la trekta. Taarifa akaifunika redio kwa kiganja, kama mtu anavyomkinga mtoto na mvua. Pigo la kwanza likaangukia vidole. Vililia kama kuni kavu. Pigo la pili likaangukia palepale, maana mkono haukuondoka. La tatu likampata juu ya jicho, naye akabingirika chini. La nne, la tano na la sita yakapewa redio, hadi waya zikamwagika kama utumbo wa kuku. Katika vile vipande mtangazaji akamaliza jina moja, akanyamaza.

"Sasa sema ni saa ngapi," Msimamizi akasema huku akihema.

Taarifa alinyanyuka. Damu ilikuwa imemziba jicho moja. Alipanda trekta kwa mkono wa kushoto, akawasha, akaingiza gia, na hakuinua jembe. Lilipita juu ya pikipiki na kuikunja kama mkeka. Msimamizi aliruka pembeni kwa wepesi usiolingana na tumbo lake. Trekta likavuka barabara likiichana, likang'oa ua wa waya, likaingia uani na kuipiga nguzo katikati. Nguzo ikavunjika. Kipande cha reli kikaanguka juu ya saruji.

Kikalia. Kililia kuliko siku zote.

Shambani Mama Mbegu akaweka kikapu chini, akanyoosha mgongo. "Kengele hiyo," akasema, na wanawake wote wakaanza kutembea kuelekea langoni. Askari akafungua lango kwa mazoea.

Taarifa akaenda kwenye dirisha la ofisi kukabidhi ufunguo, kama sheria inavyotaka. Aliunyoosha ndani kwa mkono mzima. Kisha akaona kidole kimetulia juu ya mshale wa saa ya ukutani.

"Saa ngapi, mwanangu?" akauliza kwa upole.

"Saa kumi kasoro robo," akajibiwa.

Akaweka ufunguo dirishani, akakimbia akiukumbatia mkono wake. Saa kumi na moja na dakika kumi alikuta kufuli.

Kidole kilikuwa changu. Mimi ni binti wa Msimamizi, niliyekuja likizo kutoka shule ya bweni ambako ninasifika kwa kuchezea saa ya bwalo. Ya shambani nilisimuliwa na Mama Mbegu, ambaye alinisimulia akinitazama machoni mwanzo hadi mwisho. Baba ndiye aliyenifundisha kuirudisha saa nyuma kila baada ya chakula cha mchana, nusu saa, bila kuzidisha, na kuisogeza mbele tena jioni watu wakishaondoka. Kila likizo nilimfanyia kazi hiyo. Ijumaa ile niliirudisha saa nzima, nione kama kuna atakayegundua. Nilitaka kucheka.

Mtoto alianguka mara nne kabla ya Jumatatu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya baba. Ya pili ilikuwa mzaha wangu.