Mabati ya Jengo la Lindquist

Mtaa wetu mkuu una majengo kumi na moja ya matofali mekundu, na ukinitajia mji wowote wa Iowa wenye mtaa mzuri kuliko huu, tutagombana. La kumi na mbili ndilo lililotutia aibu: jengo la Lindquist, lililofunikwa mabati ya kijivu juu hadi chini tangu nikiwa darasa la sita. Aliyeyapiga mabati yale ni baba yangu.

Lindquist alitaka sura ya kisasa. Alimwamuru baba azivunje kwanza nakshi zote za mawe ili mabati yakae sawa. Mji mzima ukamnunia baba, mimi wa kwanza. Hakujitetea hata siku moja. Tukipita pale alisema tu, "Siku wakiyatoa, Verna, watoe polepole." Nami nilimgeuzia uso. Alikufa sijamsamehe.

Jumanne tingatinga likaletwa kubomoa, pawe maegesho ya magari. Ndipo neno lile likaanza kunichoma: kilichokwisha kuvunjwa, polepole ya nini? Nikamvamia Grady Pell, mwenyekiti wa baraza la mji.

"Fungueni bati moja kwanza!"

"Tuone nini, Bi Verna? Si mzee wako mwenyewe aliyevunja kila kitu?"

"Fungua! Ukikuta ukuta mtupu, tingatinga nitaliendesha mimi."

Watu wakatoka mgahawani na vikombe vyao vya kahawa. Elroy, fundi wa mapaa, akapanda ngazi.

"Polepole, Elroy!"

"We mama, niache nifanye kazi!" Bati likalegea, akachungulia. "Ala! Halikugusa ukuta hili. Kuna fremu ya mbao katikati. Na gunia, limefungwa kamba."

Akakata kamba. Jamani! Kichwa cha fahali cha jiwe, pembe zote mbili, hadi mikunjo ya pua. Pembeni yake gunia jingine: shada la ngano, unaweza kuhesabu punje. Magunia yalikwenda hivyo ukuta mzima. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, nikalia mbele ya watu.

Grady akavua kofia. "Mbona hakusema?"

"Angemwambia nani mji huu, Lindquist asisikie kabla ya chakula cha mchana? Na baadaye, nani alikuwa anamsikiliza? Mimi?"

Elroy alipotaka kuhamia bati la pili nikamwambia ashuke. Nikachukua bisibisi, nikapanda, nikaanza kufungua skrubu za baba moja moja, polepole.