Mzee wa Kiti cha Kwanza

Alasiri ya Jumamosi mchungaji alikuwa anapanga vitabu kwenye kompyuta, na mkewe alikuwa anakunja marinda ya sketi za shule kwenye cherehani. Chumba kilikuwa kimoja. Upande wa dirishani kilikuwa karakana ya ushonaji, upande wa mlangoni kilikuwa sebule, na katikati palikuwa na kabati la vyombo ambalo mlango wake mmoja haukufungika. Waumini walimwita yule mama Sindano. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, wengine walisema ni ulimi, na yeye mwenyewe aliitikia kwa yote mawili.

Maktaba ile ya kompyuta mchungaji alikuwa ameachiwa na mchungaji mwenzake aliyestaafu. Ilikuwa na vitabu vya ufafanuzi wa Biblia vingi kuliko maisha ya mtu mmoja. Mstaafu alimwonya asivibebe vyote kama mtu anayezoa mahindi yaliyomwagika. Kwa kila kitabu cha Biblia, alisema, chagua mfafanuzi mmoja anayejua lugha za kale, mmoja anayejua mimbari, na mmoja anayejua machozi. Kisha wapange nani amtangulie nani, maana ukigusa mstari, programu inamfungua wa juu kwanza, na mhubiri aliyechoka hafiki kwa wa pili.

Hakumwambia kwamba wafafanuzi wenyewe watakuja. Pengine aliona ni jambo linalojulikana.

Wa kwanza aliingia kabla chai haijachemka. Alikuwa mtu mnene, marehemu wa miaka mingi, akapangusa viatu kwenye tambara la mlangoni na kuketi. Wengine walifuata kadiri mchungaji alivyowachagua. Akimpandisha mtu kwenye kompyuta, mtu huyo aliinuka na kuhamia kiti cha mbele. Akimfuta, alichukua kofia yake, akaaga kwa adabu na kutoka. Mwenye kamusi aliwekwa nyuma ya mlango, akawa hasemi mpaka aulizwe, na hata akiulizwa alitoa neno moja na maana zake, akanyamaza tena. Hawakula, hawakunywa. Walisema yale tu waliyoyaandika walipokuwa hai, hakuna la ziada.

Sindano alilalamikia viti. Vilikuwa vyake, vya wateja.

"Mteja akija kupimwa atakaa wapi? Kwenye mapaja ya marehemu?"

Mchungaji akasema wateja ni vijana, watasimama.

Ni kweli kwamba Sindano alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Alishamwonea wivu kiongozi wa kwaya, akaionea redio, akaionea na pikipiki ya kanisa kwa kuwa ilisifiwa siku ilipopakwa rangi. Watu walimcheka, naye alicheka nao. Lakini wivu wa safari hii haukuwa na kicheko. Tangu waoane, kila Jumamosi mchungaji alikuwa akimsomea andiko la kesho huku yeye anashona, halafu anamwuliza, "Wewe unaonaje, mama?" Naye alisema anavyoona, bila kuinua macho kwenye kitambaa. Mume aliyaandika. Ilikuwa ndiyo saa yao. Wanandoa wengine huwa na matembezi ya jioni, wao walikuwa na hiyo. Sasa mchungaji alisoma andiko, akageuza kiti, akaiuliza sebule.

Kati ya wageni wote, aliyemkera zaidi alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyepewa kiti cha kwanza. Sindano hakuona sababu. Mnene alijua lugha za kale, wa tatu alikuwa na sauti ya mimbari. Huyu alikohoa tu na kutazama vidole vyake. Hata hivyo kila akifungua kinywa, mchungaji aliacha kuandika ya mtu mwingine katikati ya sentensi.

Siku ya kisa cha wana wawili, yule aliyepotea na yule aliyebaki nyumbani, mnene alieleza sheria za urithi wa zamani, na wa tatu alieleza toba. Kisha mzee mwembamba akakohoa na kusema:

"Kaka mkubwa hakumkasirikia ndama. Alisikia ngoma kwao, ikabidi amwulize mtumishi kuna nini. Karamu ilianza, na hakuna aliyekumbuka kumtuma mtu shambani akamwite."

Aliyasema kwa sauti ya kike, nzito kidogo, yenye haraka ya mtu ambaye mikono yake ina kazi. Ilikuwa sauti ya Sindano. Na yalikuwa maneno ya Sindano. Alikuwa ameyasema Jumamosi moja alipokuwa anashona shela ya bibi harusi, na alikumbuka hata uzi.

Aliondoa mguu kwenye cherehani. Mzee alimtazama kwa aibu kama mtu aliyevaa shati la mwenzake, akarudi kwenye vidole vyake.

Sindano alingoja mpaka yeye na mume walipokuwa jikoni, uani, maana si vizuri kugombana mbele ya marehemu. Mchungaji hakukana. Alisema alipokuwa anapanga maktaba alitaka yale maandishi yao ya Jumamosi nayo yawemo, yasipotee. Programu inaruhusu mtu kuingiza kitabu chake mwenyewe, ila haipokei kitabu kisicho na mwandishi. Alikaa akifikiri. Akiweka jina lake mwenyewe, ataonekana anajisifu. Mzee mwembamba, kwa upande mwingine, alikuwa mfafanuzi mwenye heshima aliyeandika kidogo sana. Akampa maandishi yao.

"Na jina langu?" Sindano aliuliza.

"Mama, watu wangecheka."

"Wangecheka nini?"

"Mchungaji anafundishwa na mkewe kwenye marinda. Wewe unawajua watu."

Sindano alisema anawajua, ndio anaowashonea. Alitaka jina libadilishwe siku hiyohiyo, na kiti cha kwanza awekwe yeye. Mchungaji alikuwa mtu mpole, asiyependa nyumba yenye kelele. Akarudi kwenye kompyuta, akafungua kitabu kipya, akaandika jina la mkewe mahali pa mwandishi, safi kabisa, bila kosa. Ila maneno hakuyahamisha, kwa kuwa alishayanukuu mimbarini kwa jina la mzee, na kanisa lilishayapenda. Kitabu cha Sindano kikawa na mwandishi na hakina kurasa. Programu ikakipeleka mwisho. Sindano akajikuta amekaa nyuma ya mlango, karibu na mwenye kamusi.

Alikaa hapo kwa muda wa kutosha kuona sebule inavyoonekana kutoka kule. Alimwuliza jirani yake neno wivu. Yule akamtajia maana zake, zilikuwa nne, akanyamaza. Sindano akainuka, akarudi kwenye sketi.

Jumapili zilizofuata mzee mwembamba alianza kwenda kanisani. Akapewa nafasi benchi la mbele. Mchungaji akisema "mfafanuzi mmoja mashuhuri anatueleza," mzee aliinuka akaeleza, kwa sauti ile ile, na waumini waliomfahamu Sindano tangu usichana wakatikisa vichwa wakisema mzee ana upako. Umoja wa akina mama ukamwalika kwenye semina yao. Kiongozi wa kwaya akamshika mkono kwa mikono miwili.

Hazina huisha. Ikafika Jumamosi ya andiko la dada wawili walioolewa na mume mmoja, na mzee akakohoa, akafungua kinywa, akakifunga. Andiko hilo Sindano hakuwahi kuulizwa. Mchungaji alisubiri. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mama, msaidie mzee."

Sindano alichukua pini kwenye kimto cha sponji, akazibana kwa midomo, zote. Mtu mwenye pini kinywani hasemi. Alikuwa na jibu, tena lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, na aliazimia lifie hapo hapo.

Basi mnene akashika nafasi. Akaeleza kwamba dada mkubwa alikuwa na macho mabovu, na kwamba tatizo lake lote lilikuwa sura. Wa tatu akaunga mkono kwa sauti ya mimbari. Mchungaji akaanza kuandika.

Sindano alivumilia mpaka mwisho wa pindo. Kisha akatoa pini moja moja, akazichomeka mahali pake.

"Si macho," alisema. "Kila mtoto aliyemzaa alimpa jina la kumwambia mumewe neno. Mungu ameona. Mungu amesikia. Sasa mume wangu ataungana nami. Baba wa watoto akawa anayaita majina hayo kutwa uani, njooni mle, acheni kugombana. Aliyaita mpaka uzee. Hakusikia hata moja."

Midomo ya mzee ilikuwa inafuatisha, neno kwa neno. Mchungaji aliandika yote, hakuacha kitu. Alisema ni zito, zito kweli, akayaingiza kwenye kitabu cha mzee.

Kesho yake mzee aliyaeleza kanisani. Baada ya ibada watu walipanga mstari kumpa mzee mkono. Sindano aliwatazama kutoka mlangoni, akala wivu wake mpaka ukamshibisha, na hakuna aliyemsogelea ila mama mmoja aliyetaka kujua kama sketi ya mwanawe iko tayari.

Jumatatu alimsimamisha mzee dirishani. Koti lake lilikuwa limeachia mshono wa bega na kola ilikuwa imepauka. Alimpima kifua, akampima mikono, akamwambia asimame wima, maneno yake yeye, Sindano, hayawezi kuwa yanatoka kwenye koti kama lile.