Kichaka cha Nyuma ya Nyumba

Mwaka 1973 redio ilituhimiza kila wiki: nyumba iwe safi, majani yafyekwe, mbu wakose pa kujificha. Hapa Mtae tulikusanyika kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Rubeni, tukasikiliza, kisha kila mtu akaenda kutekeleza kwake. Mimi Yunis nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili, nimetoka Malindi ya hukuhuku milimani, na kiherehere nilikuwa nacho tele. Nilitaka mzee Rubeni akipita kukagua aseme mbele ya watu kwamba nyumba ya Danieli, mume wangu, ndiyo ya mfano.

Na mtoto wangu Tobia nilimlinda, mtu asije akasema sikumlinda. Alikuwa na miezi tisa, anatambaa kama anayefukuzwa. Chupa ya mafuta ya taa niliipandisha darini. Visu nilivichomeka juu ya mlango. Ndoo ya maji niliifunika na kuwekea jiwe, mafiga nikayazungushia magogo, na uji wa moto haukukaa chini hata dakika moja. Mama mkwe wangu, Klara, alinicheka.

"Umemjengea mwanao boma la Mjerumani," alisema.

Kumbe sikuwa nimeangalia nyuma ya nyumba. Mtae imekaa juu ya mgongo wa mlima, na hatua kama ishirini kutoka uwanja wetu nchi inakwisha. Chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, mbali mpaka miti yake ni madoa tu. Kati ya uwanja na ukingo huo palikuwa na kichaka cha masale na miiba, kimesongamana hata kuku hapenyi. Mama Klara aliniambia nikiache. Nikamwona mbishi tu, mtu asiyependa maendeleo. Jumatatu, yeye akiwa shamba la kijiji, nikakifyeka chote, nikafagia, nikasimama mikono kiunoni nikijipongeza.

Aliporudi alitazama, akaingia ndani amenuna.

Alhamisi asubuhi tuliamka na ukungu mzito. Mama Klara alikaa katikati ya uwanja akimenya maharage mabichi, bado amenuna. Nilimweka Tobia kwenye mkeka jikoni, nikainama kupuliza moto. Nilipoinuka, mkeka ulikuwa mtupu. Nikatoka mlango wa nyuma, na papo hapo ukungu ukafunguka.

Sijaona kitu kama kile tena maishani. Dunia nzima ilikuwa wazi mbele yangu, nyika yote inang'aa kwa jua, na mwanangu ameketi ukingoni kabisa, miguu inaning'inia. Kipanga alikuwa anazunguka angani, chini ya nyayo zake. Tobia alikuwa anamcheka. Namwambia Mungu ukweli hata leo: kabla ya hofu, niliona uzuri, mpaka pumzi ikasimama. Halafu hofu ikaja.

Mama Klara aliniona uso, akageuka, akamwona. Nikafungua mdomo.

"Usimwite," akasema taratibu. "Wala usisogee. Akikuona atakimbia."

Alisema kweli. Kila jioni mimi na Danieli tulimwita kwa mchezo, naye alitoroka kwa magoti akicheka mpaka tumkamate. Tulimfundisha wenyewe kwamba akisikia mama anaita, akimbilie upande wa pili. Upande wa pili haukuwepo.

Mama Klara akamgeuzia mgongo mjukuu wake. Akamwaga maharage yote kwenye ungo, akaiweka sufuria tupu mapajani, akainamisha kichwa, akaanza kuangusha punje mojamoja. Ti. Ti. Ti. Tobia alipenda sauti ile. Hakuna siku bibi yake alimenya maharage naye asije kuchovya mikono.

Tobia akageuza kichwa. Akasikiliza. Kisha, ili ageuke, akaegemea kiganja palepale ukingoni, na bonge la udongo likamomonyoka. Nilisubiri kulisikia likianguka. Sikusikia chochote. Mguu mmoja ukapanda juu, ukateleza, ukapanda tena. Ti, ti, ti, ilisema sufuria, haikuharakisha wala haikukawia. Nilimtazama yule mama niliyemwona mbishi, nikastaajabu mkono wa mwanadamu unawezaje kutulia vile. Nilijisikia mdogo, kama niko kanisani.

Tobia akaja kwa magoti, polepole, matope usoni, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye sufuria. Nikaruka, nikamnyakua, nikamkumbatia mpaka akalia.

Nilingoja matusi. Yalikuwa haki yangu. Lakini punje ziliendelea kuanguka, ti, ti, hata ungo ulipobaki mtupu. Vidole vya Mama Klara vilichota maharage kutoka sufuriani na kuyaangusha humohumo.

"Mama," nikasema, "basi."

Hakuinua kichwa. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwona uso. Macho alikuwa ameyafumba, yamebanwa kwa nguvu, na machozi yamefika kidevuni.

"Amefika?" akauliza.

"Amefika, mama. Nimemshika."

"Sema tena," akasema, na vidole bado vinaangusha maharage.

Nikasema tena.